Njia za miguu za milima ya Mwanza nazo zipewe karatasi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nataka kuzungumzia njia za miguu zinazopanda na kushuka milima ya mawe ya jiji letu, zile zisizo na jina wala kibao, ambazo moja baada ya nyingine zinazibwa.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Ninaishi Kabuhoro, juu, mahali ambapo bodaboda akifika chini ya mlima huzima pikipiki na kusema, "Mama, mwisho hapa." Kuanzia hapo ni miguu. Njia tunayopita mimi na majirani zangu tuliikuta, na wazee waliotupokea nao waliikuta. Hivi karibuni mwenye kiwanja kimoja katikati ya mlima alishusha mchanga na nondo, akaanza kuinua ukuta, na ukuta huo unakatiza njia pale ilipo nyembamba kuliko pote.

Siandiki kumshitaki. Kiwanja amekinunua kwa fedha yake, na kila mtu anataka alale salama na familia yake. Tulimwendea mimi, balozi wetu na mzee mmoja wa siku nyingi mtaani, akatukaribisha vizuri, akatupa viti. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema: "Nikiwaachia mita moja leo bila karatasi, kesho atakuja mwingine adai mbili. Nileteeni karatasi inayosema hii ni njia ya watu wote, ukuta nausogeza." Nilipotoka pale sikuwa na hasira naye hata kidogo, maana kasema kweli. Karatasi hiyo haipo. Tuliomba kuonyeshwa ramani ya upimaji wa eneo letu, na pale palipo na njia ramani inaonyesha mpaka wa kiwanja na kiwanja umekutana, basi. Maelfu ya nyayo hayakuacha hata mstari.

Wasomaji wako wa Dodoma na Dar es Salaam huenda hawaelewi ninachokisema, kwa hiyo niwaelezee njia yenyewe. Unatoka juu kwenye uwanda wa mwamba ambao kinamama huanika dagaa na udaga, ile mihogo ya kukausha, jua likiwaka. Kutoka hapo ziwa lote liko mbele yako: paa za Mwaloni, mitumbwi iliyojipanga, uwanja wa CCM Kirumba upande mmoja, na asubuhi yenye ukungu visiwa vinaonekana kama vinaelea. Unashuka kwenye ngazi za mawe zilizopangwa na wakazi wenyewe, hakuna aliyelipwa. Halafu unafika kwenye mawe mawili makubwa yaliyoegemeana juu, na katikati pana upenyo wa mtu mmoja. Ukiwa na gunia kichwani unalishusha ubavuni, unapita upande upande. Jiwe la kushoto, usawa wa bega, limekuwa laini na linang'aa kwa mikono ya watu wanaojishikiza. Jiwe la kulia ni la kukwaruza kama mawe mengine yote. Mtoto wangu wa mwisho alipokuwa akijifunza kutembea alikuwa akisimama pale kupapasa ule ulaini, tukawa tunachelewa sokoni. Ukitoka kwenye upenyo unakutana na watu wanaopanda, na hata alfajiri yenye giza utasikia salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," ukiitikia unajua kwa sauti ni nani.

Ukuta unaojengwa unapita hatua chache chini ya mawe hayo.

Kuna na jambo la maji, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwanza hatuna maporomoko ya mwaka mzima. Lakini jiwe halinywi maji. Mvua ya vuli au ya masika ikishuka kwa nguvu, haichukui muda mlima mzima unaanza kutiririka. Kwenye mlima wetu maji yote ya uwanda wa juu yanatafuta ufa mmoja, yanabanana humo, kisha yanaruka kutoka kwenye mwamba wenye kimo cha nyumba ya ghorofa moja, meupe, na kishindo chake unakisikia ukiwa ndani umefunga mlango. Chini yake pana kibwawa cha mawe matupu. Watoto wanamiminika huko hata mvua haijakatika, kinamama wanakinga ndoo za kufulia. Kufikia jioni imebaki michirizi myeusi kwenye jiwe. Nimewahi kuona watu wazima wa mjini, waliokuja kutembelea ndugu, wamesimama pale wamelowa chapachapa na hawataki kuondoka. Na njia ya kufika pale ni hii hii inayozibwa, hakuna nyingine.

Mwalimu mmoja mstaafu wa jiografia, jirani yangu, anatufundisha bure kabisa tukikaa naye jioni. Anasema granaiti hii ya Mwanza ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na mawe haya yanayoonekana kama yamebebeshwa juu ya mengine hayakubebwa na mtu wala jitu. Yalikatikakatika yakiwa chini ya ardhi, maji yakayala pembe taratibu, kisha udongo ukasombwa, yakabaki yamesimama yalivyo. Ziwa letu lenyewe, anasema, ni changa mno mbele ya mawe haya, halijafikisha hata miaka milioni 1. Nikimsikiliza naona uchungu zaidi, kwamba kitu cha umri huo kinaweza kufungiwa na ukuta wa tofali kwa kukosa kipande cha karatasi.

Biashara yangu imenitembeza, na huko nimeona wenzetu wanafanyaje. Dagaa wa Mwanza wanaliwa kila mkoa. Mimi mzigo wangu mwingi huenda Kilimanjaro: unapita Shinyanga, Singida, Babati, Arusha, unafika Moshi, unakata Himo, unapanda hadi Marangu Mtoni. Pale nina mteja wa siku nyingi, mama wa Kichaga mwenye meza yake sokoni, tunaitana dada. Safari moja gari la mzigo lilichelewa, akaniambia badala ya kukaa kwenye benchi tukivunjika mgongo, twende nikuonyeshe Kinukamori.

Nilidhani tunapanda gari. Tulitembea tu kutoka sokoni, tukaacha barabara, tukaingia kwenye migomba. Njia inapita katikati ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, kahawa chini ya migomba, na pembeni unafuatana na mfongo, ule mfereji wa Wachaga unaoleta maji kutoka juu mlimani hadi mashambani. Jambo lililonishangaza ni mipaka. Pale hakuna ukuta. Mpaka wa kihamba na kihamba, na wa kihamba na njia, ni masale yaliyopandwa mstari. Dada yangu yule akanieleza kwamba sale ni mti wa heshima kwao, mtu aliyekosa akileta jani la sale kuomba msamaha ni vigumu kumkatalia, na kung'oa sale la mpaka ni aibu kubwa. Kwa hiyo njia inakaa pale ilipo. Mwenye shamba halimi njia na mpita njia hachumi ndizi.

Mlangoni tulikuta kijana na kitabu cha risiti. Tulilipa, tukapewa risiti, akashuka na sisi kwenye ngazi zenye mahali pa kushika. Maporomoko ya Kinukamori si makubwa kupita yote, hata pale Marangu yapo mengine, Ndoro na Kilasiya. Lakini unasimama chini, marasharasha yanakupiga usoni, na kijana anakusimulia habari za binti Makinuka aliyepata mimba kabla ya ndoa, akaja juu ya maporomoko ajitupe kwa hofu ya adhabu, akaghairi, na alipogeuka arudi akakutana na chui, akaanguka. Kijana alisimulia kama habari ya shangazi yake. Walikuwepo wageni wawili wa Ulaya na kundi la wanafunzi kutoka Arusha, na wote walinyamaza kumsikiliza.

Kilichonigusa zaidi ni baadaye. Wageni wale wale tulikutana nao sokoni, wamekaa kwa mama mchoma ndizi, wanakula, wanauliza bei za parachichi. Wanafunzi walikuwa wamezingira meza za karanga na miwa. Njia ile huanzia sokoni na kurudi sokoni, kwa hiyo mgeni hata asipotaka atapita mbele ya meza ya mtu. Hakuna jengo kubwa lililojengwa. Pana ngazi, kibao, kijana mwenye risiti, na njia ambayo hakuna anayethubutu kuiziba.

Uru nako, juu ya Moshi, wana Materuni, maporomoko yenye urefu wa kama mita 80, na mgeni akishatoka kwenye maji wenyeji wanakaanga naye kahawa, wanaitwanga naye kwenye kinu, wanainywa pamoja. Lushoto nimefika mara chache, lakini kila gari linalopanda kutoka Mombo linapita Soni na maporomoko yanaonekana pale pale barabarani, na ukifika mjini utawaona wageni wakiondoka kwa miguu na kiongozi wao Msambaa kwenda Irente, kukaa ukingoni na kuitazama nyika chini kabisa. Jioni wanarudi wakinunua matunda sokoni. Miji midogo hiyo, Mhariri. Mwanza ni jiji.

Na sisi hapa hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kisiwa cha Saanane kiko mbele ya macho yetu, unapanda boti Capri Point na dakika chache umefika. Kimekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2013, ndiyo ndogo kuliko zote nchini, haifiki hata kilomita za mraba 3. Watu wanalipa kiingilio, wanapewa mwongozaji, na sehemu kubwa ya wanachofanya kule ni kupanda mawe, kuangalia pimbi na kutazama ziwa. Mawe ya Saanane na mawe ya Kabuhoro ni mawe yale yale. Pimbi wetu ni wale wale, wanaota jua juu ya jiwe asubuhi na kutumbukia kwenye nyufa wakisikia vishindo. Tofauti ni kwamba ya kule yana mwenyewe wa kuyatetea.

Najua yatakayosemwa. La kwanza nimeshaambiwa na mfanyabiashara mwenzangu pale pale Mwaloni: nani ataacha simba wa Serengeti aje kutazama vibanda vyetu mlimani? Namjibu hivi. Wageni wengi wa Serengeti wa upande wa magharibi wanalala Mwanza usiku mmoja, asubuhi wanaelekea lango la Ndabaka, na kati ya kufika na kuondoka hawana la kufanya ila kupiga picha Jiwe la Bismarck, lile lililosimama ziwani. Wape saa 2 za kutembea, watatembea. Tena mimi siwafikirii wazungu peke yao. Daraja la Kigongo na Busisi, lile la kilomita 3, lilifunguliwa 2025. Mtu wa Sengerema au Geita sasa hasubiri kivuko. Shule za huko zinaweza kuleta watoto asubuhi na kuwarudisha jioni. Mwanafunzi atakayepita kwenye upenyo wa mawe yale na kuambiwa yalivyotokea hatalisahau somo lile la jiografia.

La pili ni kwamba tutaonyesha umaskini wetu. Hapana. Nyumba zetu zimejengwa kwa jasho, mama kabeba tofali moja moja kichwani kutoka barabarani, ndoo ya maji vivyo hivyo, mpaka nyumba ikasimama juu ya mwamba ambao mhandisi angeukimbia. Mgeni akija kuiona kazi hiyo anaona watu hodari. Mimi sina aibu na mlima wangu.

La tatu ni usalama, na hili si la kupuuza. Jiwe likiwa na ukoga baada ya mvua linateleza vibaya. Radi zetu za kanda ya ziwa zinajulikana, na juu ya mwamba wazi si mahali pa kusimama wingu likiwa jeusi. Yapo mawe ambayo udongo wake wa chini umeliwa, ya kuogopwa. Ndiyo maana nasema mgeni asipande peke yake, apande na mtu wa mlima. Na wapo, tena tunao wengi kuliko tunavyofikiri.

Hapa niseme habari za wapasua mawe, maana ukitaja njia za milima ya Mwanza bila kuwataja wao umedanganya. Kila anayeishi huku anajua kazi hiyo inavyofanyika. Vijana wanachagua jiwe, wanalitembelea, wanaligonga huku na huku wakisikiliza mlio. Kisha wanarundika kuni juu yake au pembeni mwa ufa, na wakikosa kuni wanachoma matairi chakavu, moshi mweusi unajaa mtaa mzima. Moto unakaa muda mrefu. Jiwe likishiba joto linaachia tabaka, unasikia "pwaa" kama mlango mkubwa umefungwa kwa nguvu, na pale ndipo nyundo na mtaimbo vinaingia. Mabamba yanashushwa kwa kinamama waliokaa chini ya turubai, mguu huku mguu kule, wanagonga kokoto siku nzima. Vumbi linaingia kifuani, vipande vinaruka machoni. Mdogo wangu wa kuzaliwa naye tumbo moja amesomesha watoto kwa kokoto hizo. Kwa hiyo atakayesema wapasua mawe wafukuzwe, mimi siko naye.

Lakini ukweli mwingine ni kwamba mawe ya njiani nayo yanachomwa. Lipo jiwe moja tulilokuwa tunalitumia kama alama, ukilifika unajua umefika nusu ya mlima. Leo ni nguzo na msingi wa nyumba za watu. Ufa wa maji niliousimulia juu umeshachomwa moto upande mmoja, alama ya masizi ipo hadi leo, na aliyeuchoma aliacha kwa sababu jiwe lilikuwa gumu mno. Akija mwenye matairi mengi zaidi, maji hayo hayatakuwa na pa kurukia.

Ninachoomba kwa wapasua mawe ni makubaliano. Mtaa ukae nao, watembee pamoja mlima mzima, yachaguliwe mawe yasiyoguswa: ya kando ya njia, ya kwenye maporomoko, na yale yanayozuia mengine yasiporomoke juu ya nyumba. Yaliyobaki wafanye kazi yao kwa utaratibu. Na hao hao ndio wawe wa kwanza kufundishwa kuongoza wageni. Nani mwingine anayejua kwa kugonga tu jiwe lipi ni zima na lipi limeoza? Nani mwingine ana nyundo ya kuchonga ngazi kwenye granaiti? Kijana anayelipwa kwa kulilinda jiwe hatalichoma. Simuahidi mtu utajiri, nasema tu kwamba siku ya kuongoza wageni si siku ya kumeza moshi wa matairi.

Usafi nao tuseme wazi bila kuoneana haya. Kwenye makorongo yetu kuna taka. Pempasi, chupa, mifuko, na kuna watu bado wanajisaidia nyuma ya mawe. Mvua ikija vyote vinashuka, vinaingia mitoni na kwenye mifereji, vinafika ziwani, na ziwa hilo ndilo linalotupa maji ya kunywa na dagaa wangu ninaouza. Hatuwezi kumkaribisha mgeni kwenye maporomoko yenye harufu. Lakini naamini njia ikiwa na wenyewe, na kukawa na kijana anayepata chochote kwa njia kuwa safi, atamfokea jirani anayetupa taka kuliko mabwana afya wote watakavyoweza.

Sasa narudi kwenye karatasi, maana ndilo ombi langu lenyewe. Nina mpwa wangu anayesoma upimaji kwenye chuo cha ardhi. Ameniambia kwamba Sheria ya Ardhi ya 1999 inayo sehemu inayozungumzia haki ya umma ya kupita, na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaruhusu maeneo kama haya kupangwa. Kwa upande wa ziwa, kila mtu hapa anaijua ile ya mita 60, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kwamba ndani ya mita hizo kutoka ufukweni huruhusiwi kufanya shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Ukimwambia mtu yeyote Mwanza "mita 60" anakuelewa bila maelezo. Nataka na njia za mlimani zifike mahali hapo, mtu akitaka kujenga aulizwe kwanza, njia umeiacha?

Urasimishaji wa makazi unaendelea kwenye mitaa mingi ya Nyamagana na Ilemela. Wapimaji wanapita na vifaa vyao, bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, zinachimbiwa. Huu ndio wakati wenyewe. Kabla bikoni hazijakauka, wenyeviti wa mitaa na wazee watembee na wapimaji, waseme hii ni njia, hii ni njia, hii inaenda kwenye maji, na upana uwekwe wa watu wawili kupishana mmoja akiwa na mzigo. Iandikwe kwenye ramani, ipewe namba, ikibidi jina. Hatuombi lami, wala taa. Tukishapata mstari kwenye ramani, ngazi tutapanga wenyewe kama tulivyopanga zile za kwanza. Alama za njia ziwe rangi kidogo tu, mshale wa kiganja kwenye jiwe la kona, maana mawe yetu yamechoka kupakwa matangazo.

Na si Kabuhoro tu. Wa Igogo, Mabatini, Isamilo na Bugando wana njia zao na maji yao ya mvua, waziseme wenyewe. Kisesa ni mji wa soko, na kutoka sokoni hadi kilima cha Bujora ni mwendo wa kawaida wa miguu. Kule kuna makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, ngoma za watemi, na kanisa lililojengwa kwa mfano wa nyumba ya mtemi. Watu wanapelekwa kwa gari hadi mlangoni, wanaangalia, wanaondoka, na soko la Kisesa halipati hata mteja wa chungwa. Wakipita kwa miguu watanunua. Kisiwani Ukara nako wana jiwe linalocheza. Agosti 1858 Mwingereza Speke alipanda kilima hapa Mwanza akaliona ziwa, na vitabu vya shule vimeandika siku hiyo. Wenyeji walikuwa na njia zao kwenye milima hii kabla yake, na hizo ndizo naomba ziandikwe sasa.

Mwenyekiti wetu wa mtaa ameshakubali jambo hili liwekwe kwenye ajenda ya mkutano wa wananchi unaokuja, na mwenye ukuta amesimamisha mafundi mpaka mkutano ukae. Namshukuru kwa moyo huo. Nawaomba maofisa ardhi wa manispaa wahudhurie, waje na ramani yao, na waje wamevaa viatu vya kutembelea, kwa sababu tutawapitisha njia nzima, kutoka uwanda wa kuanikia hadi sokoni.

Na kwako Mhariri, ukimtuma mwandishi wako atakaribishwa. Aje mvua zikianza, afike Mwaloni mapema kabla magunia hayajapakiwa, aulize kwa kinamama wa dagaa wanaotoka Kabuhoro. Hatakosa mtu wa kumpandisha.

Mfanyabiashara wa dagaa,
Mwaloni, Kirumba,
Mwanza